Amina Niliyomnyima Kaka Yangu Kinyozi

Wasifu wa kaka yangu niliusoma mwenyewe siku tulipomzika. Ulikuwa ukurasa mmoja. Ulisema alikuwa mtoto wa pili katika watoto wanne, alisoma hadi darasa la saba, alikuwa kinyozi kwa miaka ishirini na sita, aliugua moyo, akafariki Jumatatu asubuhi. Ulisema pia kwamba aliishi vizuri na ndugu zake wote. Sentensi hiyo niliiandika mimi, nikaisoma mbele ya watu mia mbili, na sauti yangu haikutetemeka. Sasa naandika upya, kwa ajili ya watoto wetu na wajukuu ambao hawakumjua. Wanastahili kujua alivyokuwa, na alivyotendewa, na aliyemtendea.

Alikuwa na chumba kimoja cha kunyolea, katikati ya duka la dawa na fundi wa redio. Kiti chake cha kuzunguka kiliacha kuzunguka zamani sana. Kioo kilikuwa na ufa alioufunika kwa picha ya timu ya mpira. Kulikuwa na benchi la wateja, kopo la poda, chupa ya spiriti, na nyuma ya mlango kamba yenye taulo nyeupe sita. Watu walimwita Askofu. Jina hilo alipewa na fundi wa redio, aliyesema hakuna askofu duniani aliyewahi kuwawekea watu wengi mikono kichwani kama yeye.

Mtu akiingia, kaka alizima mashine. Hata kama kichwa kilichokuwa kitini kilikuwa kimenyolewa upande mmoja tu, aliizima, akafuta mkono kwenye aproni, akamfuata mgeni mlangoni na kumpa mkono. Akamuuliza hali, akamuuliza ya nyumbani, akamuuliza yule mgonjwa wa juzi anaendeleaje. Kisha akasubiri ajibiwe.

"Askofu!" aliyekuwa kitini alilalamika. "Nusu ya kichwa changu inapigwa upepo huku!"

"Kichwa chako hakiendi popote," kaka alimjibu. "Mgeni anaweza kwenda."

Waislamu aliwapa salamu yao kamili. Vijana aliwapa mambo na vipi, ingawa mdomoni mwake zilisikika kama mtu aliyevaa kaptula ya mwanawe. Wazee aliwapa shikamoo. Na watu wa kanisani, pamoja na yeyote aliyeonekana hana wa kumsalimia, aliwapa ile tuliyolelewa nayo nyumbani: "Bwana asifiwe!"

Mama yetu alikuwa akimsalimia hivyo kila aliyepiga hodi, hata mtu aliyekuja kumgombeza. Alituambia, "Mpeni mtu salamu ya Bwana kabla hamjamjua. Mkishamjua mtaona sababu ya kumnyima." Kaka alikuwa na miaka kumi na miwili aliposikia maneno hayo, mimi tisa. Tuliyasikia pamoja, tumekaa kwenye mkeka mmoja.

Mimi, dada yake mdogo, nilisoma zaidi yake. Nilimaliza kidato cha nne, nikawa karani wa shule, na kanisani nikachaguliwa katibu wa baraza la wazee. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na niliupenda mno.

Anayesoma haya na si wa kanisa letu, nimweleze jambo moja. Ukiambiwa "Bwana asifiwe", unaitikia "Amina". Ni salamu tu, wala haina gharama. Lakini miongoni mwetu baadhi tuliigeuza ikawa kama kitambulisho. Aliye safi tulimpa. Aliyeteleza tulimpa "habari za leo", naye alielewa. Hakuna kitabu chochote cha kanisa kinachosema tufanye hivyo. Tuliigana tu, kama watoto wanavyoigana kukohoa darasani.

Kaka aliteleza hivi. Mke wake wa ndoa alimwacha mwaka wa tano wa ndoa yao, akahamia mji mwingine, akaanza maisha mengine na wala hakurudi. Kaka alikaa peke yake miaka saba. Alijipikia, alijifulia, na nguo zake zilikuwa na rangi ya masizi. Kisha akaanza kupeleka taulo za kazini kwa mama mmoja jirani aliyefua nguo za watu. Mara taulo zikawa zinaletwa na kifungua kinywa. Fundi wa redio akamwambia, "Askofu, siku hizi taulo zako zinanukia chai." Hatimaye yule mama akahamia kwake na beseni zake tatu. Kufunga ndoa hawakuweza, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa haijavunjwa kisheria, na kaka hakujua hata mkewe alikuwa akiishi wapi.

Baraza likakaa. Liliamua asishiriki Meza ya Bwana, yaani mkate na kikombe cha ushirika, mpaka mambo yake yanyooke. Mchungaji wetu, mtu mpole anayeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, aliniambia, "Katibu, barua mpelekee wewe. Ikitoka mkononi mwa ndugu yake itamuuma kidogo."

Niliiandika kwa mkono wangu, nakala tatu, bila kufuta hata neno moja. Kisha nikaenda.

Alikuwa anamnyoa mwalimu mmoja. Aliponiona alizima mashine, akaja mlangoni, uso wote ukicheka.

"Bwana asifiwe, mdogo wangu!"

Barua ilikuwa mkononi mwangu. Nikasema, "Shikamoo, kaka."

Akasimama kidogo, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Akajibu, "Marahaba." Akadhani labda sikusikia kwa kelele za redio za jirani, akarudia kwa sauti zaidi, "Bwana asifiwe."

"Shikamoo," nikasema tena.

Hakuna aliyeweza kusema sina adabu. Mdogo kumwamkia mkubwa wake shikamoo, nani atalaumu? Hapo ndipo nilipojificha, na nilijificha humo kwa miaka tisa.

Alisoma barua akiwa amesimama. Akaikunja, akaiweka kwenye droo ya vitana. "Wamenikataza Meza," alisema polepole. "Sawa. Wazee wana haki yao. Na wewe, mdogo wangu, umenikataza nini?"

"Nina haraka, kaka. Watoto wana mitihani."

Mitihani ilikuwa ya wiki iliyofuata.

Barua ile ilikuwa na mistari kumi na moja. Hakuna mstari uliosema asisalimiwe. Hilo nililiongeza mwenyewe, na sikuliandika popote ili mtu asije akaniuliza.

Njia ya kwenda kazini ilipita mbele ya chumba chake. Kila asubuhi, saa moja na nusu, aliniona kupitia dirisha. Kila asubuhi alisema, "Bwana asifiwe, mdogo wangu!" Nami nilijibu, "Shikamoo, kaka," bila kupunguza mwendo. Kulikuwa na njia ya nyuma. Nilijaribu kuipita juma moja, nikaiacha kwa sababu ya matope. Ningependa kusema niliiacha kwa sababu ya dhamiri, lakini yalikuwa matope.

Siku moja nilimsikia mteja akimtania, "Askofu, mbona dada yako haitikii ibada?"

"Anaitikia," kaka alisema. "Anaitikia kimoyomoyo. Tangu utotoni ana sauti ndogo."

Mimi sina sauti ndogo. Shuleni watoto huisikia wakiwa uwanjani.

Yule mama mfua nguo sikuwahi kumwita wifi. Nilimwita "dada wa taulo". Tukikutana njiani nilimwambia "hujambo", vile unavyomwambia mtoto wa jirani, naye alijibu "sijambo" akiangalia chini. Kanisani hakuja. Kaka aliendelea kuja kila Jumapili, peke yake, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango.

Benchi hilo ndilo wanalokaa wageni, maana mtu mgeni haendi mbele. Kwa hiyo kila aliyeingia kwa mara ya kwanza alikuta karibu yake mtu aliyesimama, akampa mkono, akamwambia "Bwana asifiwe, karibu sana," akamfungulia kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa wenyewe. Sisi wa kamati ya ukaribisho tulikuwa mbele tumevaa vitambaa vya bluu, tukitazamana.

Familia tatu zilijiunga na kanisa letu katika miaka hiyo. Kwenye fomu ya washirika wapya kuna swali: nani alikukaribisha? Mimi ndiye niliyekuwa naandika majibu. Familia ya kwanza walisema, "Yule kinyozi wa nyuma." Nikaandika: Kamati. Ya pili wakasema, "Kuna kaka mmoja pale mlangoni, mcheshi." Nikaandika: Kamati. Mzee wa familia ya tatu alikuwa mlevi wa kujulikana, mtu ambaye akipita tulivuta mikoba yetu karibu. Alisema, "Mama, nilikwenda kunyolewa tu. Askofu akanishika mkono akaniambia Bwana asifiwe, mbele za watu, mimi nikiwa nanuka. Nikaitikia Amina kabla sijakumbuka kwamba mimi si mtu wa Amina." Alikuwa analia akisema hivyo. Nikampa kitambaa cha kujifuta, kisha nikaandika: Kamati.

Mwaka wa tisa miguu ya kaka ilianza kuvimba. Kwanza alinyoa akiwa ameegemea kiti. Baadaye akawa anakaa benchini na wateja, akimwelekeza kijana aliyemwajiri. Kisha akalazwa.

Jumapili moja tuliimba wimbo ambao mama aliupenda, nami nikashindwa kuumaliza. Nikatoka nje na kuketi kwenye ngazi. Nilijiambia: leo jioni naenda hospitali, na leo akisema, nitaitikia. Neno moja tu. Njia nzima nililijaribu. Amina, kaka. Amina, kaka yangu. Nililisema hata kwa sauti, na mwanamke aliyekaa karibu yangu kwenye gari akadhani nasali, akainamisha kichwa.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane. Chake kilikuwa cha pili kutoka dirishani. Dada wa taulo alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamsugua miguu kwa mafuta. Na miguuni pa kitanda walikuwa wamesimama mzee wa kanisa mtunza hazina na akina mama wawili wa kikundi cha maombi. Sikutarajia kuwakuta.

Kaka aliniona. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Akainua mkono.

"Bwana asifiwe, mdogo wangu."

Wote watatu waligeuka wakanitazama. Nilifikiri: hawa wote wanaijua barua ya baraza. Wataona katibu ndiye anayeilegeza barua yake mwenyewe.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Mkono ukashuka juu ya shuka. "Marahaba," alisema, akafumba macho.

Nilikaa robo saa. Nilizungumza habari za mvua. Nikaona nije kesho mchana, peke yangu, wakati wao hawapo. Kesho yake alifariki kabla ya saa ya kuona wagonjwa. "Marahaba" ndilo neno la mwisho alilonipa, nalo lilikuwa jibu la salamu niliyomtupia ili nisimpe nyingine.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja na begi lake, akachagua chumba.

Baada ya mazishi, nyumbani kwangu, mmoja wa wale akina mama wa maombi alikuwa jikoni anaosha vikombe. Nikamwambia, kwa kujitetea zaidi kuliko kwa kuungama, "Iliniwia vigumu kumwitikia kaka pale wodini. Mlikuwapo ninyi, na barua ya baraza ilikuwa bado haijafutwa."

Aliacha kikombe kwenye maji. "Kumwitikia nini?"

"Bwana asifiwe."

"Shoga yangu," alisema, "mimi nilikuwa namwitikia kila siku. Nilipita kwake nikienda sokoni. Hata pale wodini, kabla hujaingia, tulisalimiana na kuomba pamoja. Sisi tulidhani ninyi wawili mna ugomvi wa nyumbani, wa urithi au nini. Tukasema mambo ya ndugu tuyaache."

"Na mtunza hazina?"

"Yule? Ndevu zile nadhifu alichongewa na nani?"

Nilimwendea mchungaji siku ya tatu. Nilimweleza yote, pamoja na zile fomu. Alinisikiliza akizungusha miwani yake vidoleni. Nilimuuliza kama baraza liliwahi kusema mtu aliyetengwa Meza asisalimiwe kwa jina la Bwana.

"Katibu," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akitafuta maneno, "mimi nilikuwa nanyolewa kwake. Kila Ijumaa ya pili. Ananishika kichwa, ananiambia Bwana asifiwe, Mchungaji, inamisha kidogo. Ningewezaje kunyamaza?" Akavaa miwani. "Nilikosa mimi pia. Niliona unavyompita, na sikukuuliza. Nilisema, huyu anajua zaidi yangu."

Kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Miaka tisa nilidhani nimesimama pamoja na kanisa zima, kumbe kanisa zima lilikuwa kwenye benchi la kaka likisubiri zamu ya kunyolewa.

Niliomba tusali, Mungu aniondolee hatia hiyo. Mchungaji alisali, kisha akasema, "Mungu amesikia. Lakini kuna mtu aliye hai ambaye naye ulimpita. Nenda kwake."

Nilizisahihisha zile fomu tatu kwa kalamu, nikatia sahihi yangu pembeni. Hilo lilikuwa rahisi. Kwenda kwa yule mama kulinichukua majuma matano.

Nilikwenda Alhamisi, baada ya kazi. Wanaishi, yaani anaishi, nyuma ya ghala la mbao, vyumba viwili na uwanja mdogo wa saruji. Nilimkuta anaanika. Zilikuwa taulo za kinyozi mwingine. Chumba cha kaka kilikwisha kupangishwa. Alikuwa na vibanio mdomoni.

Nikasimama langoni.

"Bwana asifiwe, wifi."

Akageuka nyuma. Akatazama mlango wa nyumba yake, akatazama uchochoro, kuona nani ameingia ambaye mimi namsalimia. Hakukuwa na mtu. Akatoa vibanio mdomoni kimoja kimoja.

"Unanisalimia mimi?"

"Wewe, wifi."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, ningeona afadhali angekuwa nayo. Alisema kwa upole, kama mtu anayeuliza bei, "Hiyo sijui kama naruhusiwa kuitikia."

"Unaruhusiwa."

"Nani ameruhusu?"

Hata kwenye toba yangu nilikuwa nimekuja na cheo changu, natoa ruhusa. Nilisema, "Hakuna aliyewahi kukataza. Nilikataza mimi, kwa kichwa changu. Kaka hakuwa na deni lolote kwangu, wala wewe. Nimekuja kuomba msamaha."

Aliendelea kuanika taulo mbili, akizikung'uta kwanza ili zisijikunje.

"Alikuwa akirudi jioni," alisema akiwa amenipa mgongo, "ananiambia, leo mdogo wangu karibu aitikie. Nimeona midomo ikicheza. Namwambia, achana na huyo, si hana shida nawe? Anasema, kesho. Ile Jumapili ya hospitali ulipoondoka, nikamuuliza, je, na kesho? Hakunijibu."

Nililia, naye aliniacha nilie bila kunibembeleza, na nadhani alifanya haki. Kisha upepo ukabadilika, matone yakaanza.

"Nisaidie hizi," alisema. "Zikilowa tena sina pa kuzikaushia."

Tukaziondoa zote upesi, tukaingia ndani. Alinipa kigoda. Tulikunja taulo kumi na nane. Ana namna yake ya kukunja, mara tatu kwa urefu kisha mara mbili, na nilipokosea alichukua ile niliyokunja, akaifungua, akaikunja upya. Nilipoaga nilisema tena, "Bwana asifiwe, wifi." Akasema, "Haya, usiku mwema," ingawa jua lilikuwa bado halijazama.

Nimekwenda kila Alhamisi tangu hapo. Leo ilikuwa ya saba. Najua sasa jinsi mtu anavyosimama baada ya kutoa salamu ile, akisikiliza, huku uso wake ukiwa hauna pa kwenda. Kaka alisimama hivyo kila asubuhi mbele ya wateja wake, na bado alitafuta la kunisitiri.

Leo nilisema nikiwa langoni, "Bwana asifiwe, wifi."

Midomo yake ikacheza kidogo. Kisha akasema, "Pita ndani, ziko nyingi leo," nami nikapita, nikavuta beseni karibu.